Kuisoma Katiba Pamoja na Wananchi: Niliyojifunza katika Elimu ya Uraia

Katiba ya Kenya, iliyopitishwa katika kura ya maamuzi ya tarehe 4 Agosti 2010 na kuzinduliwa tarehe 27 mwezi huohuo, ina jambo ambalo katiba tuliyoirithi wakati wa uhuru haikuwa nalo: inamwelekeza msomaji namna ya kuisoma. Kifungu cha 259 kinaagiza ifasiriwe kwa namna inayoendeleza malengo, maadili na kanuni zake, inayokuza utawala wa sheria na haki za binadamu, inayoruhusu sheria kukua, na inayochangia utawala bora. Kifungu hichohicho kinaongeza kwamba sheria ichukuliwe kuwa inanena wakati wote, yaani maneno yaliyoandikwa mwaka 2010 yasomwe kama yanayozungumza na hali ya leo. Kifungu cha 20 nacho kinaitaka mahakama, inapofasiri haki, ichague ufafanuzi unaoipa haki hiyo nguvu zaidi. Mtu angetarajia kwamba baada ya maagizo ya wazi kiasi hicho mabishano yangepungua. Hayakupungua, na kwa miaka ambayo nimeendesha mafunzo ya elimu ya uraia katika kumbi za makanisa, madarasa ya shule siku za Jumamosi na mabaraza ya machifu, nimekuja kuamini kwamba mwananchi anayefahamu kwa nini hayakupungua huzifuata siasa za nchi hii kwa utulivu kuliko yule anayengoja tu kuambiwa ni nani ameshinda kesi.

Kauli inayotolewa mara nyingi zaidi katika mafunzo hayo ni "Katiba inasema". Nimejizoeza kumwuliza anayeitoa maswali mawili: inasema wapi, na umejuaje kwamba ndivyo inavyosema? La kwanza hujibiwa upesi kwa kufungua ukurasa. La pili ndilo zito. Wapo wanaolijibu kwa kunyooshea kidole maneno yenyewe, neno kwa neno. Wapo wanaokumbuka mjadala wa Bomas, yaani mkutano wa kitaifa uliojadili rasimu ya katiba mpya miaka kadhaa kabla ya 2010, au waliyoambiwa wakati wa kampeni za kura ya maamuzi. Wapo wanaosema kwamba kifungu hicho kiliwekwa ili kuondoa dhuluma fulani, kwa hiyo kisomwe kwa namna inayoiondoa. Na wapo wachache, mara nyingi wale waliowahi kuwa makarani au walimu, ambao hupekua sehemu nyingine za Katiba kabla hawajasema lolote. Wanasheria wana majina ya mitindo hii yote, na sijaona faida ya kumkaririsha mtu majina hayo ikiwa anaweza kuutambua mtindo unapotumika mbele yake.

Ili ionekane kwamba mtindo wa kusoma si suala la vitabuni tu, mimi huanza na kesi ya mwaka 1969, Jamhuri dhidi ya El Mann. Katiba ya wakati huo ilisema kwamba mtu anayeshtakiwa kwa kosa la jinai asilazimishwe kutoa ushahidi katika kesi yake. Mshtakiwa alikuwa amelazimika kisheria kujibu maswali kuhusu fedha za kigeni kabla kesi haijaanza, kisha majibu yake yakatumiwa dhidi yake mahakamani. Mahakama ilishikilia kwamba Katiba isomwe kama sheria nyingine yoyote iliyotungwa na Bunge, na kwamba ulinzi ule ulihusu kesi yenyewe wala si maswali yaliyoitangulia. Washiriki wengi husikitika wanaposikia hivyo, lakini huwaomba wasiharakishe. Msomaji wa maneno ana hoja ya maana, kwamba jaji hakuchaguliwa na mtu, na akianza kuongeza maneno ambayo hayakuandikwa, nani atamzuia? Upungufu wa kesi ile, kwa maoni yangu, ni kwamba ulinzi uliobaki baada ya usomaji huo haukumlinda mtu kitu.

Miaka 35 baadaye, mwezi Machi 2004, Mahakama Kuu ilichukua njia nyingine kabisa katika kesi iliyowasilishwa na Mchungaji Timothy Njoya pamoja na wenzake. Jaji Aaron Ringera alieleza kwamba Katiba si sheria ya kawaida ya Bunge bali ni chombo hai chenye roho na fahamu yake. Swali lilikuwa kama Bunge, lililopewa uwezo wa kuibadilisha Katiba, lingeweza pia kuifuta na kuweka nyingine mahali pake. Majaji wawili kati ya watatu walisema haliwezi, kwa kuwa uwezo wa kuunda katiba mpya ni wa wananchi wenyewe kupitia kura ya maamuzi. Hapa ndipo huwasihi wasikilizaji waache dhana kwamba usomaji mpana huwafaa wanamageuzi sikuzote. Wengi wa wanaharakati wa wakati huo waliitaka rasimu ya Bomas ipite bila kuchelewa. Uamuzi huo ukaweka kizingiti kipya mbele yake, na rasimu iliyofika hatimaye kwa wananchi mwezi Novemba 2005 ilikuwa imekwisha kubadilishwa, nao wakaikataa.

Mabishano ya kwanza niliyoyashuhudia kwa karibu chini ya Katiba mpya yalihusu tarehe ya uchaguzi. Kijana mmoja wa bodaboda alisimama ukumbini akasoma Kifungu cha 101 kwa sauti, kwamba uchaguzi mkuu utafanyika Jumanne ya pili ya mwezi Agosti kila mwaka wa tano, kisha akaketi na kukunja mikono. Mzee mmoja, karani mstaafu wa serikali ya wilaya, alimwambia kwa upole, "Mwanangu, nenda mwisho wa kitabu." Alimfungulia Jedwali la Sita, linaloshughulikia kipindi cha mpito, ambako imeandikwa kwamba Bunge lililokuwapo litaendelea hadi muda wake uliosalia umalizike. Mahakama Kuu ilikwenda njia hiyohiyo ya mzee katika uamuzi wake wa Januari 2012, Mahakama ya Rufaa ikaukubali, na uchaguzi ukafanyika tarehe 4 Machi 2013. Kijana yule hakuridhika. Alisema kwamba ikiwa kifungu kilicho wazi kinaweza kuahirishwa na jedwali lililo nyuma kabisa, basi mwananchi wa kawaida hawezi kuitegemea nakala yake. Malalamiko yake yana uzito, ingawa sikubaliani naye: Katiba haina vifungu vya mbele vilivyo wakubwa wa vile vya nyuma, na anayesoma kifungu kimoja peke yake anakuwa amejitungia katiba ndogo ya kwake.

Suala lililonifunza mengi zaidi, na ambalo bado halijaniachia, ni lile la thuluthi mbili. Kifungu cha 81(b) kinasema kwamba si zaidi ya thuluthi mbili ya wanachama wa vyombo vya kuchaguliwa watakuwa wa jinsia moja. Kwa mabunge ya kaunti, Kifungu cha 177 kimeweka njia ya kutimiza hilo: viti maalumu huongezwa baada ya uchaguzi hadi hesabu itimie. Kwa Bunge la Kitaifa, Kifungu cha 97 kimetaja wabunge 290 wa maeneobunge, wanawake 47 wa kaunti na wateule 12, na hakikusema lolote kuhusu nyongeza. Karani wetu mstaafu aligeuza karatasi ya ratiba ya mafunzo na kupiga hesabu nyuma yake kwa kalamu ya risasi: jumla 349, thuluthi yake ni 116 na kitu, na kwa kuwa mtu hagawanyiki, wanawake wasipungue 117. Akatoa 47. Zikabaki 70. Akachukulia kwamba viti vyote 12 vya uteuzi vimepewa wanawake, jambo ambalo sisi sote tulicheka, na bado zikabaki 58 za kutafutwa katika maeneobunge ambako hakuna sheria inayomlazimisha mpigakura kumchagua mwanamke. "Sasa," akauliza, "Katiba inanilazimisha nimpigie nani?"

Hesabu hiyo ndiyo iliyokuwa mbele ya Mahakama ya Juu mwaka 2012, Mwanasheria Mkuu alipoomba ushauri chini ya Kifungu cha 163. Katika maoni yaliyotolewa tarehe 11 Desemba 2012, majaji walio wengi walisema kwamba kanuni ya Kifungu cha 81(b) haikuwa haki kamili ya kutekelezwa papo hapo katika uchaguzi uliokuwa unakaribia, bali ni lengo la kutimizwa hatua kwa hatua kwa njia ya sheria, nao wakaweka kikomo cha tarehe 27 Agosti 2015. Jaji Mkuu Willy Mutunga alitofautiana nao. Alirejea historia ya wanawake kutengwa katika siasa za nchi hii, mapambano yaliyoizaa Katiba na agizo la Kifungu cha 259, akahitimisha kwamba kanuni ilipaswa kutekelezwa katika uchaguzi wa 2013.

Nimewasomesha watu wengi maoni hayo mawili, na jambo ambalo hunishangaza kila mara ni kwamba pande zote mbili zinadai kusimama juu ya lengo la Katiba. Majaji walio wengi hawakujifungia katika maneno. Maneno yenyewe, yakisomwa peke yake, yanaagiza bila kutaja hatua yoyote, na ni walio wengi walioongeza wazo la hatua kwa hatua kwa kuangalia muundo mzima na ukosefu wa njia ya utekelezaji. Mutunga naye, ambaye hutajwa kuwa mfano wa usomaji mpana, ndiye aliyefika karibu zaidi na maneno yaliyoandikwa. Kwa hiyo anayewaambia wananchi kwamba kuna majaji wa maneno upande mmoja na majaji wa malengo upande mwingine anawapa picha isiyolingana na hukumu zenyewe. Tofauti ya kweli ilikuwa hii: Katiba inapoagiza jambo bila kutoa njia ya kulitimiza, je, ukosefu wa njia unapunguza nguvu ya agizo, au agizo linamlazimisha mtu atafute njia? Binafsi naegemea upande wa pili, lakini nakiri kwamba swali la yule mzee lina haki ya kujibiwa, na katika maoni ya Mutunga sikulipata jibu lenye hesabu.

Kilichofuata kiligeuza mambo. Kikomo cha 2015 kilifika, Bunge likajiongezea mwaka mmoja kama Katiba inavyoruhusu, sheria haikupitishwa, na mwaka 2017 Mahakama Kuu ikalipa Bunge siku 60. Hazikutosha pia. Tarehe 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais Uhuru Kenyatta alivunje Bunge, kwa mujibu wa Kifungu cha 261(7), kinachosema kwamba Bunge likishindwa kutii agizo kama hilo, Jaji Mkuu atamshauri Rais alivunje, naye Rais atalivunja. Ni vigumu kupata maneno yaliyonyooka kuliko hayo. Lakini wiki hizo, watu walewale waliokuwa wameniambia mwaka 2012 kwamba Katiba isomwe kama ilivyoandikwa walianza kusema kwamba isomwe kwa busara, kwamba haiwezekani iwe ilikusudia kuvuruga nchi, kwamba bunge jipya nalo lingeweza kushindwa na kuvunjwa tena bila mwisho. Na wale waliokuwa wakiimba roho ya Katiba walikuja na kidole juu ya neno moja moja la Kifungu cha 261. Mahakama Kuu ilisimamisha kwa muda ushauri huo na Bunge likamaliza muhula wake. Kwangu mimi, mgeuko ule wa pande zote mbili ulikuwa somo kubwa kuliko kesi zenyewe.

Tangu wakati huo nimekuwa na kipimo kimoja ninachokitumia kwa kila anayesimama kufasiri Katiba, awe wakili, mwanasiasa, kasisi au jirani: namwomba anionyeshe suala ambalo njia yake ya kusoma inampa matokeo asiyoyapenda. Asipokuwa nalo hata moja, hana njia ya kusoma. Ana upande.

Hoja inayopendwa sana ukumbini, na ambayo naiona dhaifu kuliko inavyoonekana, ni ile ya nia ya waandishi. Mama mmoja, mweka hazina wa chama cha akina mama, aliieleza vizuri aliposema kwamba wosia wa marehemu husomwa kwa kutafuta alichotaka marehemu, na Katiba nayo ni wosia wa waliotutangulia. Nilimwuliza: marehemu ni nani hapa? Tume ya marekebisho ya Katiba iliyoongozwa na Yash Pal Ghai ilizunguka nchi ikakusanya maoni. Wajumbe wa Bomas wakajadili na kubadilisha. Kamati ya Wataalamu chini ya Nzamba Kitonga ikaandika rasimu, wabunge wa kamati teule wakakutana Naivasha Januari 2010 na kuondoa mfumo wa serikali uliokuwamo, wakaweka huu wa urais tulio nao. Kisha wapigakura, takriban asilimia 67 yao, wakachagua rangi ya kijani, yaani Ndiyo, kila mmoja kwa sababu yake, wengine kwa ajili ya kaunti, wengine kwa ajili ya ardhi, wengine kwa sababu tu kiongozi wao alisema hivyo. Wosia wa watu wengi kiasi hicho hauna nia moja. Hata hivyo sisemi kwamba kumbukumbu hizo hazina kazi. Zinapoonyesha kwamba jambo fulani lilipendekezwa wazi na kukataliwa wazi, msomaji mwaminifu analazimika kueleza kwa nini analirudisha kupitia mlango mwingine.

Kuhusu maneno yaliyo wazi, nina mfano mmoja ambao huwasumbua watu wa kambi zote. Kifungu cha 138(4) kinamtaka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, pamoja na angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Mwaka 2013 Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ilijumuisha kura zilizokataliwa katika jumla, na Uhuru Kenyatta akatangazwa kuwa na asilimia 50.07. Mahakama ya Juu iliamua kwamba karatasi iliyokataliwa haihesabiwi kuwa kura kwa ajili ya asilimia hiyo. Nafahamu mantiki yake, kwamba karatasi isiyompa mtu yeyote chochote haiwezi kumwangusha mtu. Lakini kwa msomaji wa kawaida anayeona neno "zote" limeandikwa, uamuzi huo ni mgumu kuutetea kwa maandishi, na sioni haya kusema hivyo mbele ya washiriki, hata wanaponiuliza niko upande gani wa siasa.

Upo pia uamuzi unaoonyesha mahali ambapo usomaji mpana husimama. Kifungu cha 26 kinalinda uhai lakini kinaruhusu uondolewe kwa kiwango kilichoidhinishwa na Katiba au sheria nyingine iliyoandikwa. Katika kesi ya Muruatetu, tarehe 14 Desemba 2017, Mahakama ya Juu haikuifuta adhabu ya kifo. Ilichofuta ni ulazima wake kwa kosa la mauaji, kwa kuwa jaji aliyezuiwa kusikiliza hoja za mtu kabla ya kumhukumu hawezi kusemekana amempa kesi ya haki wala amemheshimu utu wake. Huwa nawaonyesha washiriki jinsi lengo lilivyopanuliwa hadi ukingo wa maandishi na kuachwa papo hapo.

Mjadala wa BBI, mpango wa kuirekebisha Katiba ulioungwa mkono na Rais Kenyatta, ulileta jambo ambalo halimo katika nakala ya mtu yeyote. Mahakama Kuu mwezi Mei 2021, na Mahakama ya Rufaa mwezi Agosti mwaka huohuo, zilisema kwamba Katiba ina muundo wa msingi ambao hauwezi kuguswa kwa njia za kawaida za marekebisho, ila kwa wananchi wenyewe kurudi katika hatua nne: kuelimishwa, kushirikishwa, kujadili katika baraza la kuunda katiba, na kupiga kura ya maamuzi. Wazo hilo lilijulikana zaidi kupitia Mahakama ya Juu ya India katika kesi ya Kesavananda Bharati mwaka 1973. Kijana mmoja aliniuliza, "Mwalimu, hatua hizo nne ziko kifungu cha ngapi?" Nikamwambia haziko. Ziko katika historia ya namna Katiba ilivyopatikana, na majaji hao waliona kwamba historia hiyo ni sehemu ya kinachofasiriwa. Tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu, isipokuwa Jaji Mohamed Ibrahim, iliona kwamba Vifungu vya 255 hadi 257 vimeweka ulinzi wa kutosha na kwamba nadharia hiyo haikuhitajika. Lakini mahakama hiyohiyo iliamua kwamba Rais hawezi kuanzisha marekebisho kupitia mpango wa wananchi wa Kifungu cha 257, na mswada ukafa. Walioshindwa kwa hoja walishinda kwa matokeo. Nimeona watu wakisherehekea uamuzi huo bila kufahamu kwamba ngao waliyoiamini ilikuwa imeondolewa, na kwamba mswada mwingine, ukiandaliwa kwa kufuata utaratibu, hautakutana nayo tena.

Mafunzo magumu kuliko yote niliyoyaendesha yalifuata uamuzi wa tarehe 24 Februari 2023, ambapo majaji watatu dhidi ya wawili walisema kwamba serikali ilikosea kukataa kusajili shirika la kutetea haki za wapenzi wa jinsia moja. Swali la kisheria lilihusu uhuru wa kila mtu kujumuika chini ya Kifungu cha 36, na kama orodha ya Kifungu cha 27(4) inayokataza ubaguzi imefungwa au ni mifano tu. Kifungu cha 259 kinasema kwamba Katiba inapotaja kuwa jambo linajumuisha mengine, orodha hiyo haina kikomo. Ukumbi uliwaka. Watu ambao miaka yote walikuwa wametetea usomaji mpana wa haki ya makazi na ya maji walitaka sasa maneno yabanwe, na walinitaka mimi niseme kwamba majaji wamepotoka. Niliwaomba tusome kwanza hukumu ya walio wachache, kwa sababu ndiyo iliyoandika hoja yao kwa ufasaha kuliko walivyoweza kuisema wakiwa na hasira, kisha tusome jibu la walio wengi. Hatukukubaliana, na sikutarajia tukubaliane. Lakini mwisho wa siku ile mabishano yalikuwa yamehama kutoka kwa tabia za majaji hadi kwa swali la orodha, na hapo ndipo mwananchi ana kitu cha kubishania.

Tokeo la siku hiyo lilinifanya nibadilishe namna ya kuendesha mafunzo. Sasa huwapa washiriki kifungu peke yake, kimechapishwa kwenye karatasi, bila kuwaambia kesi ilihusu nini wala nani alishtaki, nao huandika wanavyokisoma na wanasimamia wapi: maneno, historia, lengo, au Katiba nzima. Baada ya hapo ndipo ninaposimulia mgogoro wenyewe. Karatasi hubaki mezani mbele ya kila mmoja, na anayetaka kubadili msimamo anaruhusiwa, mradi aeleze sababu isiyokuwa jina la mshtaki. Wengi hubadili. Wengine hukasirika na kusema kwamba nimewatega, na kwa kiasi fulani ni kweli.

Yule mama mweka hazina alinifuata baada ya mafunzo kama hayo akauliza kama chama chao kinaweza chenyewe kwenda mahakamani kuhusu thuluthi mbili. Tulifungua Kifungu cha 258 kinachompa kila mtu haki ya kufungua kesi akidai Katiba imekiukwa, hata kwa niaba ya kundi au kwa manufaa ya umma, kisha tukafungua Kifungu cha 163(7), kinachosema kwamba maamuzi ya Mahakama ya Juu yanazifunga mahakama zote nyingine isipokuwa yenyewe. Maana yake ni kwamba ushauri wa 2012 unaweza kuangaliwa upya, ila na mahakama ileile iliyoutoa, na Mahakama Kuu ambako chama chao kingeanzia haina uhuru huo. Aliporudi alikuwa na rasimu ya kurasa tatu iliyoandikwa kwa mkono, ambayo wakili wa kujitolea ataipitia. Tulibishana kwa muda mrefu kuhusu nini kitangulie. Yeye alitaka historia ya wanawake iwe mwanzo. Mimi nilishauri maneno ya Kifungu cha 81(b) yatangulie, kwa kuwa safari hii yako upande wake. Kwa sasa maneno yako ukurasa wa kwanza na historia ya pili, na ukurasa wa tatu una jedwali la hesabu aliloombwa kuliandaa yule karani mstaafu, linaloonyesha viti vingapi vya nyongeza vingehitajika kama utaratibu wa mabunge ya kaunti ungetumika katika Bunge la Kitaifa.